Chukulia Waya Hauna Ukinzani

Kuna sentensi moja katika vitabu vya fizikia ambayo siku hizi nikiikuta natamani kuirarua. Hukaa mwishoni mwa swali, baada ya betri, balbu na swichi, kwa sauti ya chini kabisa: chukulia kwamba waya hauna ukinzani. Nimeifundisha kwa miaka. Nimesimama mbele ya wasichana wa kidato cha tatu hapa Garissa, feni ikizunguka kwa uvivu na joto likitupika sote, nikawaambia msihangaike na waya, waya ni njia tu, shughulikeni na balbu. Wakaandika. Wakafaulu. Sasa nikifika hapo nafunga kitabu na kuwaambia kwamba aliyetunga swali hilo hajawahi kungoja maji kisimani.

Mama husema nilizaliwa na hasira, kwamba mkunga alinipiga kofi moja nami nikataka kulirudisha. Sawa. Lakini hasira ninayoieleza hapa sikuzaliwa nayo. Niliipata ukubwani, kiangazi kilichopita, na bado ninayo.

Kwetu ni kijiji kidogo upande wa Kotile, huko Ijara, nchi ya ng'ombe na vichaka. Aliyekuwa na ufunguo wa kisima ni abti wangu, yaani kaka wa mama. Jina hilo kwetu huenda na kurudi: mimi namwita abti, naye ananiita abti, na nikiwa mbali hilo ndilo neno ninalolikosa kuliko yote. Si mtu wa maneno. Ana ng'ombe wachache, mguu mmoja unaomsumbua, na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kukataa jambo. Wazee walimpa ufunguo tangu enzi za jenereta kwa sababu moja tu. Kiangazi kikikaza, zamu ya kunywesha mifugo ndiyo siasa yetu yote, na watu wameshapasuana vichwa kwa fimbo kwa ajili ya zamu. Abti aligawa zamu, na ng'ombe wake mwenyewe wakanywa mwisho. Kila siku mwisho. Mama alikuwa akimgombeza kwamba ng'ombe wake wanakonda kwa sababu ya adabu zake.

Kisha jenereta ikafa kifo chake cha mwisho na tukaletewa pampu ya sola. Alikuja injinia kutoka Garissa, kijana wa bara mwenye viatu vizuri, akiwa na mafundi, paneli na roli ya waya. Mpango wake ulikuwa paneli zisimame pale pale kando ya kisima. Wazee wakakataa katakata.

Nao walikuwa na sababu, sitawaonea. Ng'ombe hujikuna. Mpe ng'ombe nguzo na umekwishampa cha kukunia mgongo. Ubao wa chuma uliowekwa pale zamani, wenye maandishi ya wafadhili, uliangushwa na fahali mmoja kabla rangi haijakauka. Na kiangazi kikizidi huko kaskazini, wenye ngamia huteremka hadi kwetu, na ngamia akiegemea kitu, kitu hicho kina bahati kikibaki. Basi wazee wakasema paneli zipelekwe ndani ya ua wa zahanati, ambako kuna seng'enge na mlango. Zahanati haiko mbali ukitembea. Kwa waya, ni mbali sana.

Injinia alitazama kisima, akatazama zahanati, akatazama roli yake ya waya. Mama alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Anasema alikuna kichwa, akasema, "Hakuna shida." Wakachimba mtaro, wakalaza waya ule ule mwembamba uliokusudiwa kufika hatua chache tu, ulipoisha wakaungia mwingine wa aina ile ile, wakafukia. Pampu ikawashwa asubuhi, maji yakaruka, akina mama wakapiga vigelegele, picha zikapigwa. Injinia akaondoka kabla ya adhuhuri.

Laiti angengoja adhuhuri.

Kwa maana adhuhuri, jua likiwa utosini, wakati ambao mtu yeyote mwenye akili angetarajia pampu ya jua ifanye kazi kama kichaa, pampu ilizima. Ikakaa kidogo, ikawaka, ikanguruma, ikazima tena. Ilikuwa hivyo hadi jua lilipoanza kuinama alasiri, ndipo ikatulia. Kesho yake vile vile. Ng'ombe wamesimama kwenye birika la kunyweshea wakilamba saruji, na watu wamesimama nyuma yao wakitazamana.

Mtu aliyekaa na kiu hatafuti sababu, hutafuta mtu. Na mtu alikuwepo. Kila adhuhuri abti huingia kwenye kibanda cha pampu, hutandika mkeka, husali, kisha hunyoosha mguu wake. Mlango huufunga ili mbuzi wasimkanyage. Humo ndani kuna kisanduku cha kuendeshea pampu, na kuna soketi ambayo mafundi waliiacha kwa ajili ya kuchaji simu. Hesabu ya kijiji ikawa rahisi: mzee akiingia, pampu inazima. Kwa nini? Wakasema anauza moto wa simu. Wakasema anazima ili wenye ng'ombe wachoke, waondoke, ng'ombe wake wanywe kwa raha. Yeye, ambaye ng'ombe wake walinywa mwisho maisha yao yote!

Injinia aliitwa. Alikuja, na huyu ndiye ambaye hadi leo nikimfikiria meno yangu yanasagana. Alifika pampu ikiwa imezima. Akafungua kisanduku, akagusisha nyaya mbili za mita yake, akasoma. Volti mia na arobaini. Akatembea hadi zahanati, akapima kwenye paneli. Mia na arobaini. Akarudi akawaambia wazee, "Umeme wote unaotoka kule unafika hapa. Mfumo hauna shida. Angalieni watu wenu."

Angalieni watu wenu. Akapanda gari.

Mama alinipigia simu siku shule zilipofungwa. Hakusalimu, na mama yangu ni mtu anayeweza kusalimu mpaka salio liishe. Alisema, "Njoo. Wanataka kaka yangu aape."

Lazima nieleze jambo hili kwa wasiotoka kwetu. Kiapo juu ya Msahafu si mchezo, na si kila mtu huapishwa. Anayeambiwa aape amekwisha hukumiwa nusu. Akikubali, atasafika kwa Mungu lakini watu watabaki wakiwatazama watoto wake na mifugo yake, wakingoja kuona nani atakufa. Akikataa, basi ni mwizi. Abti alikohoa, akakataa. Alisema jina la Mungu haliwekwi juu ya pampu. Kamati ya maji ikampa muda hadi baada ya sala ya Ijumaa: aape, au atoe ufunguo mbele ya watu wote kama mtu aliyekamatwa.

Niliazima mita ya maabara ya shule, na nyingine ile ya kubana waya ambayo husoma ampea bila kukata kitu, nikaenda. Sikuenda nikiwa na shaka. Nilikuwa najua kitu kimoja tangu mama aliponieleza kwa simu kwamba injinia alipima pampu ikiwa imezima. Nilikuwa nimemfokea mama kana kwamba yeye ndiye injinia. "Imezima? Alipima imezima?" Mama akaniambia nisimpigie yeye kelele, nizihifadhi.

Abti nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake. Aliniuliza habari za Garissa, za wanafunzi, za bei ya nyama. Juu ya kisima hakusema neno. Nilipomwambia nimekuja kupima, alisema, "Pima, abti," kwa sauti ya mtu anayeruhusu watoto wacheze.

Kupima kwenyewe kulitaka watu wawili, maana nilipaswa kuwa kwenye paneli wakati hasa pampu inapokazana. Nikamweka mama kisimani na simu. Adhuhuri ilipokaribia nilikuwa ndani ya ua wa zahanati, jasho likiniingia machoni, simu begani, nikimsikia mama akilalamika kwamba jua litamwua na kwamba binti za wenzake wameolewa hawapimi nyaya. Kisha akapiga ukelele, "Inanguruma! Inanguruma!" Nikasoma. Kwenye paneli, volti mia na ishirini. Mkondo, ampea sita.

Nilikimbia hadi kisimani nikiwa nimeshika buibui kwa mkono mmoja, na watoto wa zahanati wakacheka. Ilikuwa imezima nilipofika. Nikangoja nikiwa nimegusisha nyaya za mita kwenye kisanduku. Ilipowaka tena niliziona namba zikiporomoka mbele ya macho yangu: mia na arobaini, mia na kumi, tisini na tano, themanini na nne. Hapo kisanduku kikazima chenyewe, tki, na namba zikapanda tena hadi mia na arobaini kana kwamba hakuna lililotokea. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi. Abti alikuwa nyumbani kwake. Hakuna mkono wowote wa mtu uliokuwa karibu na kitu chochote.

Niliketi chini kwenye vumbi nikacheka kwa hasira. Mama alidhani jua limenipata.

Kanuni yenyewe ni fupi. Volti ni msukumo. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Gawanya volti kwa ampea, unapata ukinzani, yaani jinsi njia inavyobana, nao huhesabiwa kwa omu. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati, yaani nguvu inayotumika. Mwanafunzi wangu aliye dhaifu kuliko wote anaweza kuyafanya hayo akisinzia.

Sasa tazama. Paneli zinasukuma kwa volti mia na ishirini, kisimani zinafika themanini na nne. Thelathini na sita hazipo. Zimekwenda wapi? Hazikuibwa kibandani, maana zimepotea kabla ya kufika kibandani. Zimeliwa na waya. Gawanya thelathini na sita kwa ampea sita: omu sita za ukinzani, katika waya ambao kitabu kinaniambia nichukulie hauna chochote. Zidisha thelathini na sita kwa sita: wati mia mbili na kumi na sita. Nguvu yote hiyo inapasha joto mchanga wa mtaroni. Kutoka kwenye paneli zinaondoka wati mia saba na ishirini, kwa pampu zinafika mia tano na nne tu, na ukitoa utaona ni zile zile zilizopotea. Waya wa kwenda ni mrefu, na watu husahau kwamba umeme hurudi pia, kwa hiyo urefu wote huo unauhesabu mara mbili.

Na kwa nini adhuhuri? Hapo ndipo ukatili wa jambo lenyewe ulipo. Asubuhi jua ni jepesi, mkondo ni ampea mbili tu. Mbili mara omu sita, zinapotea volti kumi na mbili, na wati ishirini na nne. Pampu haihisi. Adhuhuri mkondo ni mara tatu, lakini kinachopotea si mara tatu, ni mara tisa. Jua likizidi kutupa, waya unazidi kula. Volti zinazofika zinapungua mpaka kisanduku kinaogopa pampu isiungue, kinazima. Kikizima, mkondo ni sifuri. Sifuri mara omu sita ni sifuri. Hakuna kinachopotea, volti zote zinafika, kisanduku kinaona mambo ni mazuri, kinawasha. Na mtu akija na mita yake wakati huo huo ataona mia na arobaini kule na mia na arobaini hapa, atasema mfumo hauna shida. Waya usiopitisha kitu haupotezi kitu. Ni kama kumsifu mtu kwa uaminifu wakati hajawahi kuachiwa hata shilingi.

Na zile simu? Simu huchaji kwa volti tano na ampea mbili. Wati kumi. Abti angelazimika kuchaji simu zaidi ya ishirini kwa mpigo ili ale kiasi kinacholiwa na waya. Ijara yote kwa kiangazi kile sidhani ingempatia simu ishirini zenye betri nzima.

Ijumaa baada ya sala watu walikusanyika kisimani. Injinia alikuwa ameitwa naye alikuja, nampa haki yake, alikuja. Wanaume walikaa upande mmoja, sisi tukakaa upande wetu. Abti alikaa peke yake katikati, fimbo juu ya magoti, na ufunguo shingoni kwenye kamba yake. Msahafu ulikuwa umeletwa, umefungwa kwenye kitambaa cha kijani. Walikuwa wamekwenda kweli kweli kuuleta.

Mchungaji mmoja aliyekuwa na ng'ombe wengi alisimama, akamsemesha injinia kwa Kiswahili. "Injinia, hii bambu nakufa kila adhuhuri. Weye nasema iko sawa. Kama iko sawa, nani nafunga?" Wala hakumtazama abti aliposema hivyo, na kila mtu mwingine akamtazama.

Mama alinisukuma mgongoni. Nikasimama. Mwenyekiti wa kamati alisema kwa Kisomali kwamba mwalimu amekuja na vipimo, tumsikilize kidogo. Hilo "kidogo" nililisikia vizuri. Sikuwa na ubao. Gari la injinia lilikuwa pale karibu, limejaa vumbi la barabara, mlango wake mweupe umekuwa mwekundu. Nikaenda nikaandika kwa kidole kwenye mlango wa gari lake. Mia na ishirini. Themanini na nne. Nikatoa. Nikagawanya. Nikazidisha. Nilisema kila kitu mara mbili, Kisomali kwa watu wetu na Kiswahili kwake, na kila mara ya pili sauti yangu ilikuwa juu kuliko ya kwanza.

Kwa wazee nilisema hivi: mnajua ng'ombe wakipita mlango mwembamba wa zizi. Wakija wawili wawili wanapita. Wakija wote kwa pamoja wanabanana, wanaumizana, na anayengoja ndani anaona kama hawaji. Mlango ni ule ule asubuhi na adhuhuri, wanaobadilika ni ng'ombe. Wakatikisa vichwa. Walinielewa, na naapa walinielewa upesi kuliko kidato cha tatu.

Kisha nikamgeukia injinia. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha. Nilitaka, Mungu anisamehe, kumwaibisha mbele ya ng'ombe. Akanitazama kwa upole, akasema, "Mwalimu, hayo nayajua."

"Unayajua?"

"Nayajua. Kwa umbali ule ilitakiwa waya mnene mara nne. Lakini waya uliokuja ulikuwa wa pale kisimani. Wazee wakaomba paneli zihamishwe. Ningeagiza mwingine, kazi ingechelewa, na kiangazi kilikuwa kimeanza. Nikaona tuwashe kwanza."

"Na uliporudi ukapima imezima?"

Akazitazama namba kwenye mlango wa gari lake.

"Ulijua ukiipima imezima utapata nini?"

"Nilikuwa na visima vingine vitatu vya kufika siku hiyo," akasema.

Hapo ndipo nilipopoteza adabu. Nilimwambia kwamba mjinga nitamsamehe, mjinga naweza kumfundisha, ndiyo kazi inayonilisha. Lakini wewe ulijua. Ulikuwa na waya mwembamba kichwani mwako tangu mwanzo, ukatazama wazee hawa usoni ukawaambia waangalie watu wao. Ulimpa mtu mzima wizi ili usirudie mtaro. Nilimwambia mengine ambayo mwalimu hapaswi kuyasema karibu na msikiti, na Kiswahili kilipoisha nikatumia Sheng ya wanafunzi wangu. Mama alivuta buibui langu. Nikalivuta kulirudisha.

Yeye hakubisha. Alisema waya mnene ataleta. Na alileta, hilo nalo ni kweli. Hakukawia. Mtaro ukafukuliwa, waya mnene mara nne ukalazwa, ukinzani ukashuka hadi omu moja na nusu. Niliupima mwenyewe, pampu ikinguruma, si imezima. Kwa ampea sita zile zile zinapotea volti tisa tu, na wati hamsini na nne. Adhuhuri sasa maji yanaruka hadi yanamwagika birikani.

Lakini narudi Ijumaa ile, maana kilichonichoma zaidi hakikutoka kwa injinia. Nilipomaliza kupiga kelele, mwenyekiti alisema, "Alhamdulillahi, basi imekuwa ni waya." Watu wakaitikia alhamdulillahi. Mmoja akatania kwamba ng'ombe wetu ndio waliotuponza kwa kujikuna, wakacheka. Msahafu ukachukuliwa kurudishwa msikitini. Watu wakainuka, wakajipangusa vumbi, wakaanza kuulizana zamu za alasiri. Yule mchungaji aliyeuliza nani anafunga alikwenda moja kwa moja kwa abti, nikadhani anakwenda kumshika mkono. Alimwuliza kama yeye mchungaji anaweza kutangulia kesho na ng'ombe wake.

Abti alisimama, akavua ufunguo shingoni, akauning'iniza kwenye kitasa cha mlango wa kibanda. Akaenda zake akichechemea.

Ilichukua siku kadhaa ndipo wazee wakatambua kwamba hatarudi. Hapo ndipo walipokumbuka desturi. Kwetu mtu akivunjiwa heshima hupewa haal, kitu cha kumpoza moyo, na wakaleta mtamba mzuri, mweupe, mwenye nundu iliyosimama. Walisema maneno mazuri pia, na naamini wengine waliyamaanisha. Abti aliwakaribisha chai. Akakohoa. Mtamba akarudi kwao na kamba yake shingoni.

Waliniomba mimi nikamsemeshe, kwa kuwa mimi ndiye niliyemsafisha. Walisema hivyo: wewe ndiye uliyemsafisha. Nilikwenda siku moja kabla ya kurudi Garissa. Nilimkuta anafungua ng'ombe zizini asubuhi. Nikamwambia kila mtu sasa anajua kwamba hakuiba. Nikamwambia hesabu haina ubishi, hakuna mtu kijijini anayeweza kusema vinginevyo. Nilijisikia fahari kidogo nilipokuwa nasema.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Abti, na kama waya ungekuwa mnene?"

Nikamwuliza ana maana gani.

"Kama waya ungekuwa mnene, na pampu inazima kwa jambo jingine, jambo ambalo wewe hukusoma. Ungekuja na mita yako, ukapima, usione kitu. Mimi ningekuwa nani?"

Alingoja kwa adabu, kama anavyongoja kila mtu. Kisha akawaswaga ng'ombe wake wakatoka.

Tangu siku ile huwapeleka Tana, mtoni, mwendo wa kuchosha kwa mzee mwenye mguu ule, na njia ya kwenda mtoni hupita kando ya birika. Nilifuata nyuma yake asubuhi hiyo nikitaka kusema neno lolote. Pampu ilikuwa inanguruma vizuri. Birika lilikuwa limejaa pomoni, na watu wote waliokuwa pale walisimama wakamtazama, mwenyekiti akiwemo. Ng'ombe walinusa maji, wakageuka wote kwa pamoja kuelekea birikani. Abti, ambaye sijapata kumwona akimpiga mnyama, aliinua fimbo akawapiga. Aliwapiga usoni, mmoja mmoja, hadi wakapita.